Kumsaidia mtu aache sigara kijijini, hatua kwa hatua

Zahanati ya kijijini kwetu ina dawa mseto, ina vipimo vya malaria, ina panadol na chanjo za watoto. Plasta za nikotini haijawahi kuwa nazo. Famasi kubwa iko mjini, na mvua zikikolea barabara hukatika. Hata hivyo watu wanaacha sigara hapa. Nimewasindikiza kadhaa nikiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji cha wakulima wa tumbaku mkoani Tabora, na haya ninayoandika ni kwa yeyote anayeishi mahali kama hapa na ana mtu wake anayevuta: mhudumu mwenzangu, mwalimu, mke, mtoto aliyekwisha kukua, katekista, imamu.

Sigara ya kijijini ina mahali pake, saa yake na watu wake. Huyu anavuta kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, usiku akichochea moto, yule kilabuni, mwingine porini anakotundika mizinga, mwingine chini ya mwembe wanapochezea bao. Ukishavijua hivyo vitatu, una kazi ya kufanya hata bila dawa. Usipovijua utabaki na mahubiri, na mahubiri wamekwisha kuyasikia.

Hatua ya 1: Elewa kinachomtesa

Anachokitaka mwilini ni nikotini. Moshi ukiingia mapafuni, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na hapo mtu anatulia. Lakini haikai. Baada ya saa mbili hivi imebaki kama nusu tu kwenye damu, na mwili unaanza kuidai tena. Ile hali vijana wanayoiita arosto, yaani hasira za bure, mikono isiyotulia, kichwa kuuma, kukosa usingizi, ndiyo dai lenyewe. Huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu baada ya kuacha, kisha inapungua, na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne.

Shika namba hizo kichwani, kwa sababu msaada wako wote utajengwa juu yake. Mtu asiyejua kwamba siku ya tatu ndiyo kilele anadhani atateseka hivyo maisha yake yote, na jioni hiyo hiyo anarudi dukani.

Madhara ya moshi usiyataje yote kwa mkupuo. Inatosha kujua kwamba tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha, na kwamba kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Huku kwetu mimi hutaja zaidi kifua kikuu, kwa kuwa kila mtu ana ndugu aliyewahi kukiugua: anayevuta yumo kwenye hatari ya kukipata karibu mara mbili ya asiyevuta.

Hatua ya 2: Mwendee kwa heshima, umuulize

Nenda nyumbani kwake, au mkute shambani mahali penye kivuli. Usimwambie mbele ya wajukuu, wala mbele ya wenzake wa kilabuni. Mimi huanza hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nimekuja kukujulia hali. Kile kikohozi cha asubuhi vipi?"

"Ah, kipo. Ndicho kinaniamsha."

"Umewahi kufikiria kuziacha hizi sigara?"

Ukishauliza, nyamaza. Mwache atafute jibu lake. Wengi wamejaribu kimyakimya mara mbili tatu wakashindwa, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Akikuambia, "Nilijaribu mwaka ule nikakaa siku tano," usiseme alishindwa. Siku tano ni nyingi, zimevuka kilele. Muulize siku ya sita alikuwa wapi na nani. Jibu hilo lina thamani kuliko kipeperushi chochote.

Akisema hataki, mwambie kwa ufupi: "Baba, kuacha ndilo jambo kubwa kuliko yote unaloweza kulifanyia kifua chako, na siku ukitaka nitakusaidia." Kisha ongeeni ya mvua na mahindi, uage. Dakika tatu zimetosha. Utarudi mwezi ujao, na usione umepoteza muda, maana nimeona mzee akinifuata mwenyewe baada ya kimya cha mavuno mazima.

Kwenye vijiji vya tumbaku kuna mtego mmoja zaidi. Kwa huyu mtu, tumbaku ndiyo kazi yake. Tumbaku ndiyo iliyojenga nyumba ile ya bati na kulipa ada za shule, na mkopo wa mbolea uko kwenye chama cha msingi cha ushirika. Ukianza kulitukana zao, umemtukana yeye, na mlango umefungwa. Mambo ya zao yana mkutano wake. Siku hiyo zungumza habari za kifua chake tu.

Hatua ya 3: Punje za wiki moja

Akikubali, usimwambie aache kesho. Mpe wiki moja ya kujihesabu. Hapa watu wengi hawana daftari wala kalamu mfukoni, kwa hiyo mimi hutumia mbegu. Anabeba mfuko mdogo wenye punje za mahindi, maharage na karanga, na nyumbani anaweka chupa tupu ya maji. Akivuta akiwa peke yake, anatenga punje ya hindi. Akivuta na wenzake, harage. Akivuta akiwa kazini, karanga. Jioni anazitia kwenye chupa.

Wiki ikiisha mwage chupa kwenye ungo mkae mhesabu pamoja, na mkewe awepo kama yeye anaridhia. Mara nyingi mwenyewe anashtuka. Mtu aliyesema "navuta mbili tatu tu" anakuta punje sabini. Anayenunua sigara moja moja kwenye genge hajawahi kuziona zikiwa zimelundikana, kwa hiyo hajui anazotumia. Zidisheni idadi hiyo kwa bei ya sigara moja, kisha mara nne, mpate ya mwezi, kisha mfananishe na kitu anachokijua, kama debe la mahindi au sare ya shule.

Halafu angalieni ni mbegu ipi imezidi. Maharage yakizidi, tatizo ni kijiwe. Karanga zikizidi, ni kazi, na mara nyingi ni kazi ya usiku au ya kusubiri. Mahindi yakizidi, muulize anavyolala na yanayomsumbua moyoni, na usiwe na haraka ya kuondoka.

Swali moja usilisahau: akiamka, anakaa muda gani kabla ya kuwasha ya kwanza? Akijibu kuwa haifiki nusu saa, nikotini imemshika sana. Huyo atahitaji kutembelewa kila siku, na ikiwezekana dawa.

Hatua ya 4: Chagueni siku

Wapo wanaoacha kwa kupunguza kidogo kidogo, na wapo wanaokata siku moja. Zote ni njia, lakini kupunguza bila kuwa na siku ya mwisho huishia kurudi palepale. Siku lazima itajwe.

Itazameni kalenda ya kijiji. Kwetu vitalu huanza kabla ya mvua, miche inapandikizwa Novemba na Desemba, mavuno na ukaushaji vinakuja baada ya mwaka mpya, kisha kugredi, yaani kupanga majani kwa madaraja, kisha masoko. Wakati wa kukausha mtu anakesha bani siku tano, saba, hapo ni pagumu. Wakati wa masoko kuna fedha, kuna pombe, kuna kusherehekea, napo ni pagumu. Nyakati nyepesi ni kati ya hizo. Kwa Waislamu, Ramadhani ni nafasi kubwa: mchana mzima wa swaumu mtu havuti na anaona kwamba anaweza. Hatari iko kwenye sigara ya baada ya futari, kwa hiyo panga naye atoke hapo moja kwa moja kwenda kuswali tarawehe. Wakatoliki wengi huichagua Kwaresima.

Isizidi wiki mbili kutoka siku mliyozungumza. Ukiipeleka mbali zaidi, ari inapoa.

Hatua ya 5: Mtafutieni mwenza

Kwenye kifua kikuu tuna msimamizi wa dawa, mtu wa nyumbani anayemwona mgonjwa akimeza. Kwenye sigara fanya vivyo hivyo. Mwenza awe mtu anayekaa karibu, asiyevuta au aliyeacha, na mvutaji amchague mwenyewe. Kazi yake ni kumwona kila siku kwa wiki mbili, hata kwa kupita tu mlangoni, na kumsikiliza. Si kumpekua mifuko.

Mke mara nyingi anajitolea, na ni vizuri, ila mwambie mapema kwamba siku ya pili na ya tatu mume atakuwa mkali kwa mambo madogo, chumvi ya mboga, mbuzi waliofunguka. Akiwa anajua, atavumilia. Lakini hasira isigeuzwe ruhusa ya kupiga. Hilo nalisema mbele ya wote wawili.

Ongea pia na watu wa kijiweni, kwa idhini yake. Waombe mambo mawili: wasimpe sigara hata akiomba, na wasimcheke. Wakiombwa kwa adabu, wengi wanakubali. Na watoto wasitumwe tena. Kwetu bado mzee anamwambia mjukuu, "Nenda jikoni ukaniwashie," mtoto anaichomeka kwenye kaa la moto, na ili isizimike anavuta pafu moja njiani. Wengi wa wavutaji niliowasaidia walianzia hapo.

Hatua ya 6: Jioni ya kuamkia siku yenyewe

Ondoeni kila kitu: pakiti, kiberiti cha mfukoni, karatasi za kusokotea, vipisi vilivyofichwa darini. Koti lifuliwe, maana harufu yake peke yake inaamsha hamu. Andaeni vya kutafuna: karanga za kukaanga, muwa uliokatwa vipande, tangawizi, karafuu moja moja. Chai ya asubuhi ipunguzwe majani, kwa sababu mtu akiacha sigara, kafeini inakaa mwilini muda mrefu kuliko alivyozoea, na anaweza kudhani mapigo yale ya moyo na kukosa usingizi ni sigara inamdai.

Pombe ni bora isiguswe mwezi wa kwanza.

Hatua ya 7: Siku tatu za kwanza

Hapa ndipo ninapoomba uwepo kwa miguu yako, si kwa simu. Na simu yenyewe kwetu inashika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu.

Nikueleze usiku mmoja. Mzee mmoja wa kitongoji cha pili alikataa kusubiri mpaka ukaushaji uishe. Kikohozi kilikuwa kimemchosha, akaamua aache katikati ya msimu. Nikaenda kukaa naye bani. Alikuwa na kopo la rangi ya viatu alilotunzia tumbaku yake ya kusokota miaka mingi, na jioni ile alikuwa amemkabidhi mkewe. Kiasi cha saa nane usiku akainama kusukuma gogo kwenye mdomo wa tanuru. Moto ulipomulika uso wake, mkono wa kulia ulitoka wenyewe ukaingia mfuko wa koti. Hakukuwa na kopo. Aliutoa mkono akautazama, kisha akaanza kutetemeka. Akaniambia, "Mwanangu, nipe tu nusu."

Nikamwambia, "Baba, twende tukasome kipimajoto cha bani kwanza." Tukazunguka bani polepole, tukasoma, tukarudi. Nikampa kipande cha muwa. Akatafuna, akatema kapi, akaomba kingine. Kisha akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wakipeleka mizinga pori la Ugalla akiwa kijana. Hamu ilikuwa imepita. Ilirudi saa kumi, tukafanya vilevile.

Hiyo ndiyo siri ya siku hizo tatu. Hamu ikipanda haibaki juu. Inakaa dakika tatu, tano, kisha inashuka, hata asipovuta. Kazi yenu ni kuzivusha dakika hizo. Fundisha mambo manne tu: asubiri, abadili mahali alipokaa, anywe maji taratibu au atafune kitu, na avute pumzi ndefu kwa pua aitoe kwa mdomo. Mwambie asijiulize kama ataweza mwaka mzima. Ajiulize kama atafika kwenye kipimajoto na kurudi.

Kila jioni muulize ngumu ya leo ilikuwa saa ngapi na alikuwa wapi, kisha mpange ya kesho kufuatana na hiyo. Kama ilikuwa baada ya ugali, basi kesho akimaliza kula anawe mikono na kuondoka, aende kukagua zizi.

Hatua ya 8: Wiki zinazofuata

Mwandae kwa mambo ya mwili yanayotisha bure. Kikohozi kinaweza kuongezeka kwa muda, kwa kuwa mapafu yanaanza kujisafisha. Vidonda vidogo mdomoni hutokea, na choo kuwa kigumu. Njaa inazidi. Usipomweleza, atasema, "Nilipokuwa navuta sikuwa na haya yote," na atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Mweleze pia mazuri kwa tarehe. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo yameanza kushuka. Ndani ya siku moja ile hewa ya sumu ya moshi, kaboni monoksidi, imetoka kwenye damu. Ndani ya miezi michache anapanda mlima bila kuhema kama zamani. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara imepungua kwa nusu hivi.

Kama ni mkulima wa tumbaku, fahamu jambo hili. Nikotini inapita kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua. Mvunaji anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuumwa kichwa, na nyumbani wakadhani ni arosto au malaria. Avune umande ukishakauka, avae mikono mirefu na glovu, na abadili nguo zilizolowa. Akiosha mikono kwa sabuni kabla ya kula, vizuri zaidi. Watoto wasivune kabisa.

Wapeleke zahanati bila kusubiri: mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anayekohoa damu, anayekonda, anayetoka jasho jingi usiku, anayebanwa na kifua. Mjamzito anayevuta asaidiwe mapema iwezekanavyo na muuguzi wa kliniki ahusishwe. Anayetumia dawa za magonjwa ya akili amwambie daktari kabla ya kuacha, maana moshi unabadili jinsi mwili unavyozitumia baadhi ya dawa hizo na dozi huenda ikahitaji kurekebishwa. Na mtu akiacha sigara akaingiwa na huzuni nzito au maneno ya kutaka kufa, usimwache peke yake hata usiku mmoja, mpeleke.

Dawa, kama zinapatikana

Bazoka (chingamu) na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kama kuna mtu anakwenda mjini na fedha ipo, mwagize aulize famasi. Bazoka hii haitafunwi kama ya watoto: inatafunwa polepole mpaka iwashe kama pilipili, kisha inawekwa kati ya shavu na ufizi, ikipoa inatafunwa tena. Anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka hupewa ya miligramu 4, wengine ya 2. Plasta hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na kesho yake mahali pengine. Hutumika wiki nane hadi kumi na mbili. Vidonge kama bupropion na varenicline ni vya daktari kuandika, na bupropion haimfai mwenye kifafa.

Ugoro si dawa. Nimeona watu wakiacha sigara na kuhamia ugoro, wakidhani wamepona. Nikotini ni ileile, na saratani ya kinywa ipo. Wanawake wazee wengi wanautumia na hakuna anayewauliza, kwa kuwa hautoi moshi. Waulize. Hatua ni hizi hizi, punje ni hizi hizi.

Akiteleza

Kuteleza si kuanguka. Akivuta moja kwenye msiba, siku zake ishirini hazijafutika. Mfuate kabla aibu haijamweka mbali nawe, kwa sababu aibu ndiyo inayogeuza moja kuwa pakiti. Muulize mahali, saa, watu. Akisema ni msibani, pangeni msiba unaofuata: atakaa na wazee wanaoandika rambirambi, si kule nyuma kwenye moto wa vijana. Kama amerudi kuvuta kila siku, chagueni siku nyingine ndani ya mwezi huo, mwage tena punje. Wengi huacha moja kwa moja baada ya kujaribu mara kadhaa.

Ratiba ya kumfuata

Kila siku kwa siku tatu. Kisha siku ya saba, ya kumi na nne, mwisho wa mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Ziandike kwenye daftari lako la kaya pamoja na za chanjo na za wajawazito, la sivyo zitapotea.

Halafu ongeza ziara moja isiyo kwenye ratiba yoyote: wiki ya malipo ya tumbaku. Pita nyumbani kwake siku moja kabla ya kwenda kupokea fedha. Muulize atakwenda na nani, atapita wapi akirudi, na fedha atamkabidhi nani kwanza. Kama njia ya kurudi inapita kilabuni, tafuteni njia nyingine, hata kama ni ndefu.